Mwongozo kamili: jinsi ya kusoma na kurekodi michoro ya jukwaa la opera la kijiji cha China

Ukiingia kwenye hekalu la kijiji au ukumbi wa ukoo katika sehemu nyingi za China, utakuta jukwaa la opera, yaani mchezo wa kuigiza kwa kuimba, limeelekezwa kwenye madhabahu. Mtazamaji wa kwanza ni mungu wa mahali pale, au mababu wa ukoo. Wanakijiji hukaa uani, katikati, wakifaidi mchezo uliotolewa kwa wakubwa zao. Rangi zote za jukwaa, kuanzia boriti ya mbele mpaka kilele cha dari, zimepangwa kwa kufuata jambo hilo. Anayelijua husoma michoro kwa utaratibu. Asiyelijua huondoka na picha mia za maua na majoka asizoweza kuzieleza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufanya kazi hiyo vizuri: mwanafunzi wa sanaa au usanifu majengo, mpiga picha, au mfanyabiashara aliyeko Yiwu au Guangzhou mwenye siku chache za mapumziko na hamu ya kuona China ya vijijini. Huhitaji kuwa mtaalamu. Unahitaji subira, kamera au simu nzuri, daftari, na kukubali kwamba kazi yako ni kuangalia na kuandika, basi. Kusafisha na kukarabati si kazi ya mgeni.

Hatua ya 1: Chagua eneo

Majukwaa ya kale yako mikoa mingi, lakini hayafanani. Mkoa wa Shanxi, kaskazini, ndio wenye yale ya zamani kabisa. Jukwaa la hekalu la Erlang katika kijiji cha Wangbao, Gaoping, ni la mwaka 1183, na hakuna jingine lililosimama hadi leo linalojulikana kulizidi umri. Huko utavutiwa zaidi na mbao na mawe kuliko rangi, kwa sababu rangi za enzi hizo zimekwisha. Lakini ukiwa Shanxi usikose hekalu la mungu wa maji kwenye eneo la Guangsheng, wilaya ya Hongdong. Ukutani mna mchoro wa mwaka 1324 unaoonyesha kundi la opera likiwa jukwaani, mapazia yamening'inia nyuma yao, na mtu mmoja anachungulia kutoka nyuma ya pazia kuona watazamaji wamefika wangapi. Jina la nyota wa kundi, Zhongduxiu, limeandikwa juu yao. Hicho ndicho kipimo chako cha jinsi jukwaa lilivyopambwa zamani hizo.

Kwa rangi zenyewe, nenda kusini. Leping, katika mkoa wa Jiangxi, ina majukwaa kwa mamia, mengi yamepakwa dhahabu na rangi kali, na mafundi wake bado wanajenga mapya. Qimen, mkoa wa Anhui, ina majukwaa ndani ya kumbi za ukoo, yenye maandishi ya waigizaji ukutani, nitakayoyarudia. Ninghai, mkoa wa Zhejiang, ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Inafikika kwa treni kwenye njia ya Ningbo kwenda Wenzhou, majukwaa yake yako karibu karibu, na dari zake ni za ajabu. Isitoshe opera ya huko, Ninghai Pingdiao, bado inachezwa, na ina mwigizaji anayechezesha meno ya nguruwe mwitu mdomoni huku akiimba.

Epuka Juni na Julai mapema, majira ya mvua za mfululizo kwenye bonde la chini la mto Yangtze. Pwani ya Zhejiang hupigwa na vimbunga kati ya Julai na Septemba. Oktoba na Novemba ni pakavu na mwanga ni mzuri.

Hatua ya 2: Tafuta mwenye ufunguo

Ukumbi mara nyingi umefungwa, na ufunguo uko kwa mzee fulani jirani. Usizunguke jengo ukichungulia madirishani. Nenda ofisi ya kamati ya kijiji, au walipokaa wazee wakicheza karata, salimu kwanza, ndipo useme shida yako. Mwanaume wa makamo mwite *dashu*, mama mwite *ayi*. Msomaji aliyekulia kwenye shikamoo hahitaji kufundishwa kwa nini hilo linafungua milango.

Mlangoni tafuta jiwe lenye maandishi linalotaja ngazi ya ulinzi: wilaya, mkoa au taifa, pamoja na tarehe jengo lilipoandikishwa. Lipige picha, ndilo cheti cha kuzaliwa cha rekodi yako. Majengo haya yanalindwa na Sheria ya Kulinda Mali za Kale ya mwaka 1982 pamoja na marekebisho yake. Kama unataka kupanda ngazi, kuweka taa kubwa au kurusha droni, omba ruhusa kwenye ofisi ya mali za kale ya wilaya, hata kama mzee wa ufunguo amekwambia hakuna tabu. Yeye anakukaribisha kwa wema, lakini lawama ikija itamwangukia yeye.

Hatua ya 3: Simama anapokaa mungu

Kabla ya kutoa kamera, nenda kwenye madhabahu, igeuzie mgongo kwa heshima, utazame jukwaa kutoka hapo. Kaa dakika kumi. Kutoka hapo utaona kinachong'aa kwanza: kwa kawaida ni boriti kubwa ya mbele, kisha ukuta wa mbao wa nyuma, kisha milango miwili pembeni mwake. Dari haionekani kabisa, au inaonekana ukingo tu. Sasa shuka uani uwe miongoni mwa watazamaji, na mwisho panda jukwaani ulale chali. Kila mahali panakupa jukwaa tofauti, na mchoraji alijua hivyo. Palipokusudiwa kuonekana kwa mbali alitumia mistari minene na dhahabu. Ndani, kwa ajili ya waigizaji wenyewe, utakuta vitu vidogo vidogo alivyochora kwa raha zake.

Chora ramani kwenye daftari: nguzo, boriti, milango, dari. Zipe namba. Usitumie "kushoto" na "kulia", maana kushoto kwa mwigizaji ni kulia kwa mtazamaji na baada ya wiki mbili hutakumbuka ulimaanisha ipi. Tumia dira ya simu uandike mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. Hekalu la kawaida hutazama kusini, hivyo jukwaa hutazama kaskazini, lakini kijiji cha milimani hufuata mlima na mto, kwa hiyo pima.

Milango miwili ya nyuma iangalie mapema. Ule wa mkono wa kushoto wa mtazamaji ni wa kutokea waigizaji, na mara nyingi umeandikwa 出将, "toka ukiwa jemadari". Wa kulia ni wa kuingilia, umeandikwa 入相, "ingia ukiwa waziri". Maandishi haya yakiwa yamebadilishana, yamefutwa au yamechorwa upya kwa mwandiko wa kisasa, umeshapata dalili ya kwanza ya ukarabati.

Hatua ya 4: Piga picha kwa mpango

Usitumie mwako wa kamera. Rangi nyingi zimepakwa mafuta juu, zitarudisha mng'ao mweupe na utapoteza mchoro. Siku ya mawingu mchana ndiyo bora, na stendi ya kamera itakuruhusu kutumia muda mrefu wa kufungua lenzi bila picha kutikisika. Hifadhi faili ghafi (RAW) kama kamera inaweza. Katika picha ya kwanza ya kila boriti weka kadi ya rangi na rula, ili mtu atakayeitazama baadaye ajue kijani kilikuwa kijani kipi na joka lilikuwa na urefu gani.

Fuata mpangilio huu bila kuruka: jukwaa zima kutoka madhabahuni, jukwaa zima kutoka pembe mbili za ua, kila boriti nzima, uso wa nje, uso wa ndani na chini yake, kisha kila mchoro mmoja mmoja, mwisho sehemu ndogo ndogo zilizokuvutia. Chini ya boriti husahaulika na wengi, na ndiko rangi hubaki nzima kwa sababu jua na mvua hazifiki. Ukitaka baadaye kutengeneza umbo la pande tatu kwa kompyuta, hakikisha kila picha inaingiliana na inayofuata kwa asilimia 60 hadi 80.

Halafu chukua tochi, uiweke pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya uso wa mbao kama jua la saa kumi na mbili jioni, upige tena. Mwanga huo wa pembeni utakuonyesha vitu ambavyo mwanga wa mbele huvificha: mistari iliyoinuka chini ya dhahabu, mikwaruzo ya mchoro wa awali, magamba ya rangi yanayobanduka, na mara nyingine mchoro mzima wa zamani uliofunikwa na mpya. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu la ziada, fanya hili.

Hatua ya 5: Elewa mchoraji alivyofanya kazi

Huwezi kusoma uharibifu wala ukarabati bila kujua kazi ilianzia wapi. Kaskazini, chini ya rangi kuna tabaka nene la matayarisho. Katika utaratibu maarufu zaidi wa enzi ya Qing (1644 hadi 1912), mbao zilifunikwa kwa nyuzi za katani na tabaka tano za mchanganyiko wa vumbi la matofali, damu ya nguruwe iliyotiwa chokaa, unga wa ngano na mafuta ya mbegu za mti wa tung. Kusini, tabaka hilo ni jembamba sana au halipo, na unaweza kuona mishipa ya mbao kupitia rangi. Kwa hiyo boriti ya kusini yenye magamba manene kama ya ukuta wa lipu inastahili kuulizwa maswali.

Juu ya matayarisho fundi aliweka karatasi yenye mchoro uliotobolewa kwa sindano, akapiga mfuko wa unga juu yake, na vitone vikabaki kwenye mbao vikimwonyesha njia. Palipohitaji dhahabu alijaza uji mzito kwenye kifuko chenye mdomo mwembamba wa madini, akakamua mstari ulioinuka, sawasawa na mpambaji wa Lamu au Unguja anavyokamua hina mkononi mwa bibi harusi. Mstari ukikauka hupakwa gundi na kubandikwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba kuliko karatasi. Kisha huja rangi kubwa, kijani na buluu zikipishana, kila rangi ikipangwa kwa milia kutoka nzito kwenda nyepesi mpaka nyeupe. Kamwe hazichanganywi zikayeyuka moja ndani ya nyingine. Mistari myeusi huja mwisho.

Tazama mstari ulioinuka kwa karibu sana ukiwa na tochi ya pembeni. Wa fundi mzuri una unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na unapogeuka kona haukatiki. Fundi wa kukarabati kwa haraka huchora mstari bapa kwa brashi na rangi ya dhahabu ya kopo. Ukivuta picha, tofauti inaonekana wazi.

Hatua ya 6: Gawa boriti sehemu tatu

Boriti iliyochorwa kwa mtindo wa kaskazini hugawanywa kwa urefu katika theluthi tatu. Ya katikati, *fangxin*, ndiyo yenye jambo kuu. Pande zake kuna sehemu za mapambo, *zhaotou*, na ncha kabisa kuna mikanda, *gutou*. Mtindo wa mapambo ya pembeni ndio unaokuambia cheo. Majoka ya dhahabu kila mahali ni ya mtindo wa kifalme uitwao *hexi*. Maua yaliyozungushwa kama kimbunga ni ya *xuanzi*, yanayokutwa kwenye mahekalu na ofisi za serikali. Katika mtindo wa Suzhou, katikati ya boriti mna umbo la nusu duara kama kitambaa kilichoning'inizwa, na ndani yake mandhari, ndege au watu.

Kijijini utakuta mchanganyiko. Sheria ya mwaka 1393, ya enzi ya Ming (1368 hadi 1644), iliwakataza watu wa kawaida kupaka nyumba zao rangi za mapambo au kuzijenga kwa zaidi ya vyumba vitatu vya upana. Lakini jukwaa la hekalu lilikuwa mali ya mungu. Kijiji kilichokatazwa kujipamba kilimpamba mungu wake, na ukoo uliopata mtoto afisa ulionyesha utajiri wake hapo hapo. Ukiona joka kwenye jukwaa la wakulima, hesabu kucha zake. La mfalme lilikuwa na kucha tano. La kijijini mara nyingi lina nne au tatu, na kucha hizo ni adabu iliyochorwa.

Ukiwa Ninghai kuna jambo moja zaidi. Huko palikuwa na desturi ya kuajiri makundi mawili ya mafundi, kila moja likajenga nusu ya jengo kutoka mstari wa katikati, wakishindana. Simama katikati ulinganishe mashariki na magharibi: idadi ya maua, mkao wa simba, namna mawingu yanavyojikunja. Usiandike kwamba upande mmoja "umekosewa". Huo ni ushindani wa mafundi ambao majina yao mengi yamepotea, na kazi zao bado zinabishana.

Hatua ya 7: Tambua visa na alama

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na ndipo penye utamu wote. Anza na watu wanaotambulika kwa vitu vyao. Mwenye uso mwekundu, ndevu ndefu hadi kifuani, joho la kijani na upanga wenye mpini mrefu ni Guan Yu, jemadari aliyekufa karibu mwaka 220 na baadaye akaabudiwa kama mungu. Mwenye kipepeo cha kujipepea cha manyoya ya ndege ni Zhuge Liang, mtu wa mikakati. Nyani mwenye fimbo ni Sun Wukong, mfalme wa nyani wa hadithi. Mzee aliyeketi katikati huku watoto, wakwe na maafisa wakimwinamia kwa safu ni Guo Ziyi, jemadari wa enzi ya Tang (618 hadi 907), kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Kisa hicho kilipendwa mno kwenye kumbi za ukoo kwa sababu kina kila kitu ambacho ukoo huomba: wana saba, wakwe wanane, cheo na uzee mwema.

Wakati mwingine watu hawapo, vitu vyao tu vimechorwa. Kipepeo cha kujipepea, upanga, kibuyu, vibao vya kupigia mdundo, kikapu cha maua, ngoma ya mwanzi, filimbi na ua la yungiyungi: hao ni Watakatifu Wanane wa Kitao, dini ya Kichina, kila mmoja kwa chombo chake. Ukikuta vinne upande wa mashariki, tafuta vinne vingine magharibi. Kimoja kikikosekana, huenda mbao hiyo imebadilishwa.

Alama nyingine husomwa kwa sauti. Popo na baraka hutamkwa *fu*. Kulungu na mshahara wa cheo hutamkwa *lu*. Samaki na ziada hutamkwa *yu*. Popo watano kuzunguka dari ni baraka tano. Kwa hiyo unapoandika "popo" kwenye rekodi yako, ongeza idadi na mahali, kwa sababu idadi ndiyo ujumbe.

Swali linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote: je, mchoraji alikuwa anachora vita au anachora opera? Katika opera farasi haingii jukwaani. Mwigizaji hushika mjeledi wenye vishada, na mjeledi huo ndio farasi. Jemadari huvaa bendera nne mgongoni na manyoya marefu ya ndege kichwani. Ukiona kwenye boriti watu wamepanda farasi halisi, milima nyuma na ngome mbali, mchoraji alifuata picha za vitabu vilivyochapwa kwa mbao. Ukiona mtu mwenye bendera mgongoni, mjeledi mkononi, na meza moja na viti viwili tu nyuma yake, mchoraji alikaa uani akatazama mchezo. Michoro ya namna ya pili ina thamani kubwa kwa wanahistoria wa opera, maana inahifadhi mavazi na mikao ya wakati ambapo hapakuwa na kamera kijijini. Iandike kwa ukamilifu: rangi ya kila vazi, kila mkono umeshika nini, nani amemtazama nani.

Jihadhari na nyuso nyeusi. Zhang Fei, ndugu wa kiapo wa Guan Yu, kweli ana uso mweusi. Lakini rangi zenye madini ya risasi hugeuka kahawia au nyeusi kwa miaka, kama ilivyotokea kwenye nyuso nyingi za michoro ya kale ya mapango ya Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China. Angalia mikono. Mwigizaji hupaka uso, hapaki mikono. Mikono ikiwa imeiva weusi ule ule wa uso, na jirani zake wote pia, kilichobadilika huenda ni rangi, na mtu huyo si Zhang Fei.

Usipoweza kutambua kisa, waulize wazee. Onyesha picha kwenye skrini ya simu badala ya kunyoosha kidole juu, kwa sababu macho ya wengi hayafiki tena kule. Andika wanachosema kama walivyosema, hata wakipingana.

Hatua ya 8: Dari na ukuta wa nyuma

Dari ya jukwaa zuri huchimbwa kwenda juu kama kuba, vipande vya mbao vikipandana kwa mzunguko hadi kileleni, ambako huwa kuna joka lililojikunja au kioo. Ninghai ina majukwaa yenye kuba mbili au tatu mfululizo kutoka jukwaani kuja uani. Ukumbi wa ukoo wa Hu katika kijiji cha Aohu ni mmoja wa wenye tatu. Mapambo ya mimea ya majini kwenye dari za namna hii ni kinga ya moto, desturi inayotajwa tangu enzi ya Han, karibu miaka elfu mbili iliyopita. Wanakijiji watakuambia kuba hukuza sauti ya mwimbaji. Lala chali katikati kabisa, kamera ikitazama juu wima, na upige kuba zima kwanza, kisha kila mzunguko.

Ukuta wa mbao wa nyuma ndio uliosuguliwa, kugongwa misumari na kuchorwa upya mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Usiishie mbele. Omba kuingia chumba cha waigizaji. Qimen, kwenye kumbi kama Yuqingtang na Huiyuantang, makundi yaliyopita yaliandika ukutani kwa wino jina la kundi, tarehe na michezo waliyocheza. Mistari hiyo ya haraka, mingine imeandikwa kwa makosa, ni kumbukumbu ambazo hakuna ofisi iliyozitunza. Piga kila neno, pamoja na vijichoro vya watu na matusi kama yapo.

Hatua ya 9: Tafuta tarehe

Boriti ya juu kabisa ya paa mara nyingi ina maandishi ya siku ya kujengwa, yakitaja jina la utawala na mwaka. Hesabu ni rahisi: Qianlong (乾隆) ongeza 1735, Jiaqing (嘉庆) 1795, Daoguang (道光) 1820, Xianfeng (咸丰) 1850, Tongzhi (同治) 1861, Guangxu (光绪) 1874, Jamhuri (民国) 1911. Mwaka wa 20 wa Guangxu basi ni 1894. Mwezi wa mwisho wa kalenda ya Kichina unaweza kuangukia mwaka unaofuata wa kwetu, kwa hiyo kama maandishi yanataja mwezi wa 12, liandike hilo. Kumbuka pia kwamba boriti inatoa tarehe ya paa. Rangi inaweza kuwa ya baadaye sana.

Rangi zenyewe husema. Buluu na kijani za kale zilisagwa kutoka mawe ya shaba, azuraiti na malakaiti. Msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi analijua malakaiti vizuri. Nyekundu ilitoka kwenye sinabari, madini ya zebaki, au kwenye risasi iliyochomwa. Karne ya 19 zikaingia rangi za viwanda vya Ulaya. Buluu kali yenye uzambarau ni ultramarini ya kiwandani, iliyogunduliwa Ulaya miaka ya 1820, ile ile inayotiwa kwenye maji ya kusuuzia nguo nyeupe. Kijani kinachochoma macho kinaweza kuwa kijani cha Paris, mchanganyiko wa shaba na aseniki uliotengenezwa kwanza mwaka 1814. Ukiviona hivi kwenye tabaka la chini kabisa, mchoro hauwezi kuwa wa enzi ya Ming, hata mwenyeji akisema nini. Jicho peke yake hutoa dalili. Uthibitisho ni wa maabara. Na kwa kuwa kuna aseniki, zebaki na risasi, usiguse, usipulize vumbi, na nawa mikono kabla ya kula.

Tabaka la mwisho la kutafuta ni la miaka ya 1966 hadi 1976. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni sanamu nyingi za mbao zilikatwa vichwa, na nyota nyekundu na kaulimbiu zikapakwa juu ya michoro. Katika vijiji kadhaa watu walipaka udongo au chokaa juu ya mapambo, au wakabandika karatasi, ili yasionekane na hivyo yapone. Rekodi kaulimbiu kwa uangalifu ule ule unaolipa joka. Nazo sasa ni historia ya jukwaa, na udongo uliobaki kwenye mikunjo ya mchongo unaweza kuwa ushahidi wa mtu aliyeokoa kazi hii usiku.

Hatua ya 10: Andika uharibifu, usiutibu

Chapa picha ya kila boriti uchore juu yake kwa kalamu za rangi: mahali rangi inapobanduka, inapokuwa unga, palipo na masizi ya ubani, madoa ya maji, kinyesi cha ndege na popo, vijia vya mchwa. Kisha tafuta sababu. Doa la maji kwenye boriti lina kigae kilichovunjika juu yake, na kigae hicho ndicho cha kuripoti kwanza. Paa likitengenezwa, michoro hupumua; paa likiachwa, hakuna mtaalamu atakayeiokoa. Andika pia nyaya za umeme zilizopigiliwa kwenye mbao na mahali mishumaa na fataki huwashwa, kwa sababu moto huchukua kila kitu kwa mara moja.

Usifute kwa kitambaa kilicholowa. Rangi hizi zimeshikwa na gundi ya ngozi, na gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Usikubali pia kijiji kishauriwe na mtu yeyote kupaka vanishi au "kurudishia rangi" bila wataalamu wa mali za kale. Mwaka 2013 umma wa China ulikasirika ulipoona picha za hekalu la Yunjie, Chaoyang, mkoa wa Liaoning: michoro ya enzi ya Qing ilikuwa imefunikwa na michoro mipya ya rangi za kung'aa kama katuni, na maafisa waliohusika waliadhibiwa. Hapakuwa na chuki kwenye kazi ile, watu walitaka hekalu lipendeze. Kilichokuwa chini hakikurudi.

Hatua ya 11: Kabidhi kazi

Yape mafaili majina yanayofuata ramani yako: kijiji, jengo, namba ya boriti, uso, namba ya picha. Weka nakala tatu mahali tofauti. Nakala moja ipeleke ofisi ya mali za kale ya wilaya pamoja na orodha ya uharibifu. Nyingine ichapishe kwenye karatasi kubwa umpelekee mwenye ufunguo, picha zikiwa kubwa za kuonekana bila miwani, na chini ya kila moja nafasi tupu ya kuandika jina la kisa. Mwachie na kalamu. Ukirudi mwaka unaofuata baada ya msimu wa mvua, chukua karatasi hizo, kisha upige tena boriti zote kutoka pale pale ulipoweka stendi mara ya kwanza, kuanzia ile yenye doa la maji.